Natafuta mwalimu wa kinanda wa mtoto hapa Tabora: nimpimeje kabla sijalipa tena?

Mama_Ipuli

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho. Nimeandika kirefu kwa sababu sitaki kukosea mara ya pili.

Nina binti wa miaka tisa. Tangu yuko chekechea, akisikia kinanda kanisani anasogea mbele na kusimama pembeni ya mpigaji mpaka misa iishe. Mwaka jana nikajibana, nikanunua kinanda cha mtumba cha vibonye 61 kwa mtu aliyekuwa anahamia Mwanza, kisha nikamtafutia mwalimu. Kijana mmoja fundi kwelikweli, akishika kinanda watu wanageuza shingo. Alikuwa anakuja nyumbani Ipuli Jumatano na Jumamosi, elfu kumi kila kipindi. Miezi minane. Pigeni hesabu wenyewe, ni zaidi ya laki sita.

Mwezi uliopita kaka yangu alitutembelea. Yeye ni mwanakwaya wa siku nyingi na nota anazisoma. Akamwekea mtoto karatasi ya wimbo mwepesi asioujua, mistari miwili tu. Mtoto akaitazama karatasi, akanitazama mimi, machozi yakaanza kumtoka. Hakujua aanzie wapi. Kaka akamwambia basi, piga ule unaoujua. Akapiga vizuri. Kaka akanyoosha mkono, akarudisha transipozi (kile kitufe cha kupandisha na kushusha sauti ya kinanda) kwenye sifuri, akasema: "Rudia, lakini sasa do iwe F." Hakuweza kumaliza hata mstari mmoja.

Kumbe nyimbo zote sita anazozijua anazipigia kwenye C. Wakitaka kupandisha au kushusha, wanabonyeza kitufe, kinanda kinawafanyia kazi. Na mkono wa kulia anatumia vidole vitatu, kidole cha mwisho hakijui kazi yake ni nini.

Kijana yule hakuwa na nia mbaya. Alifundisha alivyojua. Mimi ndiye niliyemsikiliza anavyopiga nikaridhika, sikuuliza anafundishaje.

Sasa naomba msaada. Cheti gani kina maana kwa mwalimu wa muziki anayekuja nyumbani? Mimi nisiyejua nota nitampimaje mtu anayejua? Na hapa Tabora watu hawa wanapatikana wapi?

Jirani_wa_Cheyo

Pole sana dada. Wa kwangu yuko kwenye gitaa mwezi wa tatu sasa na sijawahi kumuuliza mwalimu wake swali lolote. Nafuatilia hapa kila jibu.

Rizimu_la_Reli

Mama, mimi nitasema tofauti kidogo, univumilie.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, nimekulia hapahapa. Huu mji umetoa Tabora Jazz, umetoa Nyanyembe Jazz. Wale wazee wengi walijifunza kwa kukaa karibu na anayejua, wakitazama mkono wake wa kushoto unavyoshuka na kupanda kwenye nyuzi. Nami nilijifunza gitaa la rizimu hivyohivyo. Hakuna aliyeniuliza karatasi. Nimepiga na vijana wenye stashahada zao ambao mwimbaji akipandisha sauti katikati ya wimbo wanabaki wanaangaliana, kwa sababu karatasi haikusema atapandisha.

Sikio ni muziki. Binti yako miezi minane amejenga sikio, na hilo hulinunui. Usimwambie mtoto kwamba alichojifunza ni bure. Ukimwambia hivyo hatarudi kwenye kinanda.

Mwalimu_Mstaafu

Mama, pole. Nimefundisha muziki kwa miaka mingi, chuo cha ualimu na sekondari, na kinanda nilijifunzia seminari. Ndugu yangu wa reli amesema kweli kuhusu sikio, nitamrudia baadaye.

Kwanza vyeti. Kwenye muziki kila anayejua kupiga anaweza kujiita mwalimu, kwa hiyo karatasi inasaidia, ilimradi ujue inasema nini. Utaonyeshwa karatasi za aina tatu.

Ya kwanza ni ya vyuo vyetu. Kuna TaSUBa ya Bagamoyo, ndiyo ile iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na kupata jina la sasa 2007. Aliyetoka pale muulize ala yake kuu ilikuwa ipi. Pale wanasoma pia ngoma na maigizo, kwa hiyo mtu anaweza kuwa bingwa wa ngoma na kinanda alikigusa tu ili afaulu. Wapo wenye shahada ya muziki kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Makumira kule Arusha. Na wapo waliopita Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza. Hawa wamefundishwa muziki pamoja na namna ya kukaa na mtoto darasani, na kwa mtoto wa miaka tisa mimi nawapa uzito wa pekee hata kama hawapigi kwa mbwembwe.

Ya pili ni mitihani ya ABRSM ya London, baraza lililoanzishwa 1889. Ina gredi 1 hadi 8, na hapa wazazi wengi wanachanganywa, kwa hiyo soma polepole. Siku hizi mtihani wa kupiga una njia mbili. Katika njia ya zamani mtahiniwa anapiga nyimbo tatu, anapiga skeli (nota zinazopanda na kushuka kwa mpangilio), anasomeshwa nota ambazo hajawahi kuziona, na anapimwa sikio. Njia ya pili ilianza 2020: anarekodi video ya nyimbo nne mfululizo bila kukatisha na kuituma. Zote mbili alama ni 150, kufaulu ni 100, na ukipata 130 umefaulu kwa daraja la juu kabisa. Lakini ile ya video haina kusoma nota mpya. Mtu anaweza kukaa na nyimbo nne mwaka mzima, akazikariri, akafaulu vizuri sana. Kwa tatizo la binti yako, swali lako liwe: "Ulifanya mtihani wa aina gani, na nadharia uliishia gredi ya ngapi?" Kwa kawaida mtu haruhusiwi kuingia gredi 6 ya kupiga bila kufaulu nadharia ya gredi 5, kwa hiyo mwenye gredi ya juu anapaswa kujibu hilo bila kusita.

Na ukumbuke, gredi 8 ni cheti cha kupiga. Haisemi kwamba mtu anajua kufundisha.

Ya tatu ni cheti cha semina ya wiki moja au mbili ya walimu wa kwaya. Kina faida kubwa kanisani. Kisomwe tu kwa kiasi chake.

Sasa kumpima. Hili unaliweza hata bila kujua nota moja.

Mwambie aweke transipozi sifuri, apige skeli ya C kwa mkono wa kulia, polepole, kisha skeli ya F. Usisikilize, tazama dole gumba. Kwenye C linapita chini baada ya kidole cha tatu. Kwenye F linapita baada ya kidole cha nne, maana pale kidole cha nne kinaangukia kibonye cheusi. Kama kwenye skeli zote mbili linapita mahali palepale, au vidole vinarukaruka, mtu huyo hakufundishwa vidole, na atamfundisha mwanao alivyo yeye.

Halafu omba kukaa kwenye kipindi cha mwanafunzi wake mwingine. Hapa ndipo penye siri yote. Subiri mtoto akosee, uone mwalimu anafanya nini. Mmoja ataisukuma mikono ya mtoto pembeni apige yeye, "ona, hivi!" Mwingine atasema rudia, rudia, rudia, mpaka itokee kwa bahati, kisha waendelee. Unayemtafuta atasimamisha wimbo, atachukua kile kipande kidogo chenye kosa, atapunguza mwendo, mkono mmoja kwanza, atamuuliza mtoto ni kidole gani kimekwama. Kipindi kitaonekana cha kuchosha kwako wewe unayetazama. Kaa tu.

Mwisho, umwombe mwalimu ampe yule mtoto mstari mmoja wa nota asioujua. Mtoto wa mwaka mmoja wa mafunzo anapaswa kuutembea, hata kwa mwendo wa kobe, bila mtu kumwimbia kwanza. Kama mwalimu ana wanafunzi wa miaka miwili na hakuna hata mmoja anayeweza, gredi zake za ukutani hazitakusaidia.

Mama_Ipuli

Shikamoo mwalimu. Nimechapisha maelezo yako nikabandika jikoni.

Nina swali jingine. Kaka anasisitiza sol-fa kwa sababu kwaya yote wanasoma d r m. Wengine wananiambia sol-fa imepitwa na wakati, mtoto asome nota za mistari mitano. Nimsikilize nani? Na hiki kinanda cha mtumba kinatosha au mwalimu mpya ataniambia ninunue kingine?

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba mama.

Sol-fa usiruhusu mtu aidharau. Ilikuzwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, juu ya kazi ya mwanamke mmoja wa Norwich aitwaye Sarah Glover, na kusudi lake lilikuwa watu wa kawaida waweze kuimba sauti nne bila kusomea miaka. Wamisionari wakaja nayo. Nenda parokia yoyote hapa jimboni, nenda kwa Wamoravian, utakuta mkulima aliyeishia darasa la saba anasoma besi yake ya sol-fa bila kubabaika. Hiyo ni elimu kubwa.

Ila ilitengenezwa kwa ajili ya koo. Mwimbaji anasoma mstari wake mmoja. Mpiga kinanda ana mikono miwili na sauti tatu nne kwa pamoja, na mistari mitano inamwonyesha kwa jicho zinavyopanda, zinavyoshuka na zinavyoachana. Kwa binti yako: mistari mitano kwenye kinanda, sol-fa mdomoni. Aimbe d r m huku anapiga nota. Mwalimu anayejua moja tu na kuikejeli nyingine, kuwa naye mwangalifu.

Kinanda: vibonye 61 ni oktavu tano, zinamtosha miaka ya mwanzo. Lakini bonyeza kibonye kimoja taratibu sana, kisha kwa nguvu. Kama sauti inatoka na ukubwa uleule, kinanda hakiitikii kidole, na mtoto hataweza kujifunza kupiga kwa upole. Kikiitikia, usinunue kingine sasa. Tafuta kiti cha kimo chake, viwiko viwe usawa wa vibonye. Watoto wengi wanaharibika mikono kwa sababu ya viti vya plastiki vya watu wazima.

Mama_Ipuli

Nimejaribu sasa hivi. Kinaitikia. Asante Mungu.

Mwana_Ujiji

Mwakeye wana Tabora. Niko Kigoma, nawasoma tangu jana.

Mwanangu wa miaka kumi na mbili alitaka violini. Niliuliza Mwanga, nikauliza Gungu, nikauliza mpaka kwa wapigaji wa bendi, nikaambiwa gitaa wapo, kinanda wapo, violini hakuna. Nikapata mwalimu Dar es Salaam kwa njia ya mtandao. Kilichonifanya nimwamini ni swali lake la kwanza. Kabla ya kutaja ada alisema nimpime mtoto, mkono umenyooka, kutoka shingoni mpaka katikati ya kiganja, kwa sentimita. Akaniambia huyo ni wa saizi ya robo tatu, usinunue ya mtu mzima "ili akue nayo". Mwingine niliyekuwa nimempigia kabla yake alinipa namba ya kutumia pesa tu.

Wenye nia ya kufundishwa mtandaoni wajue mambo haya. Sauti inachelewa, kwa hiyo mwalimu na mtoto hawawezi kupiga pamoja hata kidogo, asiwadanganye mtu. Sisi tunarekodi video Jumanne usiku, tunamtumia WhatsApp, Alhamisi anapiga simu ya video akiwa ameshaiona na anajua anasahihisha nini. Kama mnatumia Zoom, kuna mpangilio wa kuacha sauti kama ilivyo, uliowekwa kwa ajili ya wanamuziki. Tulikaa wiki tatu hatuujui, programu ilikuwa inadhani violini ni kelele na kuikatakata, mwalimu akidhani mtoto ndiye anayekatisha upinde. Simu iwekwe ubavuni, ionekane bega, kiwiko na kifundo cha mkono. Umeme ukikatika kipindi kinahamishwa, hilo tulikubaliana mwanzo.

Kinachokosekana ni mkono wa mwalimu. Kuna kosa la bega ambalo kwa maneno lilishindikana miezi miwili. Likizo tulipompeleka Dar, mwalimu aliligusa bega kwa dakika moja likakaa. Kwa kinanda kama mna mtu hapo mjini, chukueni wa hapo mjini.

Mama_wa_Watatu

Hakuna aliyeligusa hili, nitaligusa mimi.

Kipindi kifanyike sebuleni, mlango wazi, mtu mzima wa familia yupo ndani ya nyumba na anapita pita. Kama ni nyumbani kwa mwalimu, unakaa. Mwalimu asiwe na mawasiliano ya pembeni na mtoto kwenye simu, ujumbe wote uje kwako. Zawadi za siri, hapana. Uliza wazazi wawili waliowahi kumtumia, wawili, si mmoja aliyekuletea sifa. Na umuulize mwalimu mwenyewe kwa mdomo wako: "Nitakuwa nakaa kwenye vipindi, sawa?" Mtazame usoni anapojibu. Mwalimu mwema anafurahi, maana ukikaa utajua cha kumsimamia mtoto siku nyingine. Anayekwambia mtoto hajifunzi mama akiwepo, mshukuru kwa muda wake umsindikize mpaka getini.

Sisemi hivi kwa kukisia. Yaishie hapo.

Ticha_Vinanda

Habari zenu. Mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumzia, nafundisha watoto wa majumbani. Nakubaliana na Mwalimu Mstaafu na mama hapo juu kwa kila neno, na ninaomba wazazi mtuulize maswali hayo. Mzazi asiyeuliza chochote ndiye ambaye baada ya miezi minane anagundua.

Ila nasi tusikilizwe kidogo. Napanda bodaboda kutoka Kiloleni mpaka kwa mzazi, nafika naambiwa leo wameenda kwenye sherehe. Sikulipwa, nauli yangu imekwenda. Kaeni na mwalimu muandikiane hata kwenye daftari: malipo ni ya mwezi, taarifa ya kuahirisha ni siku moja kabla, kipindi alichokosa mwalimu kinafidiwa. Dakika thelathini zinamtosha mtoto wa miaka sita. Wa tisa, arobaini na tano. Anayewauzia saa mbili kwa mtoto mdogo anawauzia uchovu.

Na mazoezi. Mtoto akikaa kwenye kinanda dakika ishirini kila siku, kipindi kimoja kwa wiki kinatosha kabisa. Asipokaa, hata vipindi vinne havisaidii, mtakuwa mnanilipa kusikiliza makosa ya wiki iliyopita. Mimi kila kipindi naandika kwenye daftari la mtoto: kipande gani, mkono gani, mara ngapi. Mwalimu asiyeacha maandishi ya mazoezi, muulizeni kwa nini.

Rizimu_la_Reli

Nimemsoma mwalimu mstaafu mara mbili. Hilo la dole gumba kwenye F nimelijaribu kwenye kinanda cha mjomba, ni kweli.

Bado nasimama kwenye sikio. Huyo mwalimu wa nota mkimpata, mwulizeni pia: redio ikiimba, unaweza kumfundisha mtoto aifuate? Akisema hiyo siyo kazi yake, mtoto atasoma vitabu vyote, na siku karatasi ikipeperuka kanisani atanyamaza.

Mwalimu_Mstaafu

Hapo sina la kukupinga. Na mtihani ule wa njia ya zamani una sehemu ya sikio kwa sababu hiyohiyo.

Mama_Ipuli

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Niliahidi moyoni kwamba nitaleta mrejesho.

Nimeona watatu. Wa kwanza ana gredi 8, cheti halisi nimekishika. Skeli ya F alipiga kama maji. Akaniruhusu kukaa kwenye kipindi cha mwanafunzi wake. Mtoto alipokosea, mkono wake ulisukumwa. Nikahesabu, mara saba kwa nusu saa. Mwishoni mtoto alikuwa anapiga huku anautazama uso wa mwalimu, vibonye hatazami. Niliondoka na huzuni, maana kijana yule anajua sana.

Wa pili alikataa nisikae. Nilikumbuka maneno ya Mama_wa_Watatu, nikamshukuru.

Wa tatu ni mwalimu wa shule ya msingi, amepita Butimba. Hapigi mambo ya kushangaza, nasema ukweli. Mwanafunzi wake ni mvulana wa miaka kumi. Nikaomba apewe mstari asioujua. Akaupiga polepole mno, anahesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu," akakwama, akarudi nyuma mwenyewe, akaendelea. Mwalimu alikuwa amekaa mikono yake mapajani muda wote. Nilimuuliza swali la Rizimu_la_Reli pia. Akacheka, akamwambia mvulana aimbe wimbo wowote wa shuleni kisha autafute kwenye vibonye. Aliupata.

Tumekubaliana kipindi kimoja kwa wiki, dakika arobaini na tano, elfu kumi na mbili. Kwa mwezi natoa zaidi kidogo ya nusu ya niliyokuwa natoa. Tumeandikiana kwenye daftari kama Ticha alivyosema. Amemrudisha binti mwanzo kabisa, vidole vitano, nyimbo za nota tano. Nilidhani mtoto atakataa. Siku ya kwanza alinuna, siku ya pili akauliza mbona kidole cha nne ni kizito hivi, na tangu hapo anakifanyia mazoezi hata kwenye meza ya kulia chakula.

Yule kijana wa mwanzo nilimpigia nikamweleza yote, nikamwomba aje Jumamosi moja moja kumpigisha binti kwa sikio, kwa sababu hilo analiweza kuliko wote. Alinyamaza kidogo, nikadhani nimemuumiza. Kisha akaniuliza huyo mwalimu wa Butimba anafundisha na watu wazima, na kwa bei gani. Nimempa namba baada ya kumwomba ruhusa mwenyewe.

Jirani_wa_Cheyo, yule wako wa gitaa ulimuuliza?